Pikipiki Isiyo na Kiti

Stejini pale Msabaha wamenibandika jina: Msimamaji.
"Mama Umazi, na hiyo utambeba nani?"
Simbebi mtu. Hata mimi hainibebi sawasawa.
Aliyeiunda hakutaka ukae.
Inataka magoti yalegee, viwiko vipanuke,
macho yatangulie mahali gurudumu litakapofika baadaye.

Niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga virago,
pamoja na feni mbili na jokofu lisilogandisha.
Feni nimeuza. Jokofu sasa ni kabati la vipuri:
juu plagi, katikati nyaya za klachi,
chini, penye droo ya mboga, kabureta ya akiba
imelala ndani ya kipande cha leso kuukuu.

Malindi chuma hakizeeki, kinaliwa.
Chumvi haina haraka, haina likizo.
Ijumaa jioni, nikishafunga vitabu vya ofisi ya maji,
nageuza ndoo, nakaa (kiti changu ndicho hicho),
nagonga spoku moja moja kwa bisibisi.
Inayolia *ti* ni nzima.
Inayosema *tu* naikaza robo mzunguko, nagonga tena.
Chujio la hewa nalifua kwa sabuni ya kipande,
vumbi la matumbawe linatoka jeupe:
tui la kwanza, tui la pili, tui jepesi,
mpaka yatoke maji matupu.

Fundi Nzai hunikatia gasketi kwa boksi la maziwa.
Kila nikienda anabonyeza tairi, anasikitika:
"Upepo hamna humu."
Uache, namwambia. Likijaa linateleza.
Likilegea linashika jiwe
kama kiganja kinavyoshika andazi la moto:
kwa woga, lakini halianguki.

Jumapili, jua halijakolea, tuko timboni.
Hapachimbwi tena. Yamebaki maji ya mvua,
mbuzi wa watu, na ngazi zilizokatwa kwenda chini.
Umazi ana miaka tisa na mfuko wa kokoto.
Mguu wangu ukigusa chini, kokoto moja.
Nikianguka, tano.
Hana huruma, na sijui kaitoa wapi.

Hapa si mbio. Kobe angenipita na salamu angenipa.
Mbio waachie vijana wa stejini, wana mikopo.
Mimi nina ukuta.
Kidole kimoja kwenye klachi, kimoja kwenye breki,
pikipiki imesimama, nami juu yake nimesimama,
hatuendi popote, na jasho linanitiririka
hadi ndani ya glavu.

Ngazi ya nne, upande wa mashariki,
jiwe lina alama za shoka, mistari ya kulala,
yote imeinamia upande usio wa kawaida.
Baba alikuwa mashoto.
Miaka kumi na minane alikata hapa.
Nusu ya nyumba za Barani zimetoka kifuani mwake,
na kikohozi kikabaki.
Sikuja kumtafuta.
Nilikuja kwa sababu ngazi hii ni futi tatu
na pembe yake imenyooka.
Aliikata vizuri, basi.

Nabana. Naachia. Gurudumu la mbele linapanda,
natupa nyonga, la nyuma linatafuna ukingo,
moshi wa mafuta mchanganyiko, mbuzi wanatawanyika,
na kwa pumzi moja nzima
niko nusu juu, nusu chini,
sina mzigo, mimi si mzigo wa mtu.

Kisha mguu wa kushoto
unagusa. Kidogo. Ncha ya kiatu tu.

Nimefika juu. Nazima injini, nageuka.
Umazi hapigi makofi.
Anachagua kokoto, anaipuliza vumbi.
"Nimeuona," anasema,
anaiangusha koponi:
*ti*.
"Shuka. Rudia."